Maneno Kwanza, Besi Baadaye: Namna ya Kuchagua Spika na Hedifoni za Kompyuta ya Nyumbani

Ingia duka la vifaa vya umeme Chake Chake, Pemba, uulize spika za kompyuta, na kabla hujamaliza kueleza shida yako muuzaji ameshawasha sabufa. Rafu inatikisika, vioo vinalia, wapita njia wanageuza shingo. Ni kishindo kweli, na wengi hutoa pesa papo hapo.

Lakini ihesabie kompyuta yako kazi zake za wiki nzima. Kisomo cha Kurani asubuhi, darsa ya sheikh baada ya Magharibi, somo la fizikia la kijana wa skuli, taarifa ya habari, mazungumzo ya video na ndugu walioko Muscat au Dar es Salaam. Karibu yote hayo ni maneno. Hata taarabu watu huisikiliza kwa mashairi yake, na mpigo wa ngoma unakuja kubeba maneno. Basi anayenunua kwa kufuata kishindo anarudi nyumbani na chombo kinachoweza kutikisa dari, lakini hakimwezeshi kumsikia sawasawa mtu anayezungumza.

Kanuni ya makala haya ni moja: chagua kwa sauti ya binadamu kwanza, kisha uangalie kama pesa iliyobaki inaruhusu besi. Yanayofuata ni namna ya kuifuata kanuni hiyo dukani, chumbani na kwenye umeme wetu.

Jua unanunua kwa kazi gani

Kabla hujatoka nyumbani jibu maswali matatu.

La kwanza: nani atasikiliza, na wakati gani? Familia inayokaa ukumbini kutazama mawaidha inahitaji spika. Mwanafunzi anayesoma usiku wenzake wamelala anahitaji hedifoni. Mara nyingi nyumba moja ina mahitaji yote mawili, na ni nafuu kununua spika ndogo pamoja na hedifoni ya wastani kuliko kumaliza pesa zote kwenye sabufa moja.

La pili: utasikiliza tu, au utazungumza pia? Anayesoma kwa mtandao au kufanya usaili wa kazi kwa video anahitaji maikrofoni iliyo karibu na mdomo, na spika pekee haimfai. Sauti ya spika huingia tena kwenye maikrofoni ya kompyuta, na mwenzake wa upande wa pili akajisikia akijirudia.

La tatu: umeme ukikatika, unataka kazi iendelee? Kama ndiyo, tafuta kifaa kinachokula umeme wa kompyuta mpakato yenyewe au chenye betri yake.

Sasa kwa nini sauti ya kati ndiyo muhimu? Msingi wa sauti ya mwanamume mwenye sauti nzito huanzia karibu na hezi 85, na wa mwanamke karibu na hezi 165 na kupanda. Kinacholitenga neno na neno, hata hivyo, ni konsonanti, na nguvu kubwa ya konsonanti iko juu zaidi, kati ya hezi 1,000 na 8,000 hivi. Mwanafunzi wa tajwidi analijua hili bila kuambiwa: tofauti ya thaa, sini na swadi ni ya hewa na makali ya herufi, na hayo ndiyo yanayopotea kwanza spika ikiwa na kiwingu. Sabufa nyingi za bei ya chini zina koni kubwa ya besi na vispika viwili vidogo dhaifu vya pembeni. Katikati, pale yanapokaa maneno, hubaki pengo.

Soma lebo ya nyuma, achana na maandishi ya boksi

Boksi limeandikwa kwa rangi nyekundu: PMPO 12,000W. Hesabu ya darasani inatosha kulijibu. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ina fyuzi isiyozidi ampia 13, na umeme wetu ni wa volti 230. Zidisha: 13 mara 230 ni wati 2,990. Hata plagi ingetumika hadi mwisho wa uwezo wake, isingepitisha wati 3,000. Hizo 12,000 zitatoka wapi? PMPO ni namba ya kibiashara isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika, na kila kiwanda hujiandikia ipendavyo.

Geuza spika. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna lebo ndogo yenye maneno kama AC 230V 50Hz 40W. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuaminiwa: ni umeme unaoingia. Sauti inayotoka kwa mfululizo haiwezi kuuzidi, na kwa kawaida ni pungufu yake, kwa sababu sehemu nyingine hupotea kama joto. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta neno RMS. Hizo ndizo wati za kulinganishia spika na spika.

Usiogope namba ndogo. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne, pea ya spika zenye wati 5 hadi 10 za RMS kila moja inatosha na kubaki. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulisikia kwa mbali. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa kuhama kutoka wati 20 kwenda 40. Lipa zaidi kwa usafi wa sauti.

Jihadhari pia na maandishi ya 20Hz–20kHz. Karibu kila boksi limeyaandika, hata la spika zinazoenea kiganjani. Spika yenye koni ya inchi mbili haiwezi kukupa hezi 20 za kusikika, boksi liseme lisemavyo.

Aina nne utakazokutana nazo

*Pea ndogo za USB.* Zinavuta umeme kwenye kompyuta na nyingi hupokea sauti kwa waya wa pini ya milimita 3.5. Tundu la kawaida la USB 2 hutoa volti 5 na nusu ampia, yaani wati 2.5 tu, kwa hiyo usitarajie ngurumo. Kwa mtu mmoja mezani zinatosha sana kwa maneno, na umeme wa mtaa ukikatika zinaendelea kadiri betri ya kompyuta mpakato inavyodumu.

*Pea zenye amplifaya ndani.* Hizi ni maboksi mawili ya mbao au plastiki nzito, koni za inchi tatu hadi nne pamoja na twita juu, yaani kispika kidogo cha sauti za juu, na waya wa umeme wa ukutani. Kwa kisomo, taarabu na filamu ndani ya chumba, aina hii ndiyo yenye uwiano mzuri kuliko zote. Kama bajeti inafika hapa, simama hapa.

*Sabufa ya 2.1.* Ni vispika viwili na boksi moja la besi. Inafaa ukumbi mkubwa na sherehe za nyumbani. Ukiichagua, hakikisha kitufe cha besi kimetenganishwa na cha sauti, ili uweze kuishusha besi wakati wa darsa na kuipandisha siku ya harusi.

*Zilizotumika kutoka nje.* Hapa ndipo penye bahati na hatari pamoja. Spika nzuri ya zamani kutoka Uingereza au Ghuba huishinda mpya ya bei hiyohiyo, lakini kagua mambo mawili. Kwanza volti. Vifaa vya Uingereza, Oman na Dubai vinakubaliana na umeme wetu na hata plagi ni ileile. Vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Lebo ikisema 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Ikisema 100V peke yake, ukichomeka ukutani umekiunguza. Utahitaji transfoma ya kushusha, nayo ina gharama yake. Pili, ukingo wa koni. Ondoa kitambaa cha mbele, bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili vilivyotengana. Ukingo wa raba unanesa na kurudi. Ukingo wa sponji uliozeeka unabaki na alama ya kidole, au unameguka vumbi. Joto na unyevu huimaliza sponji, na ukingo ukishakatika spika inakwaruza kwa kila noti nzito.

Jaribu kwa sauti zako, usijaribu kwa nyimbo za dukani

Tia rekodi mbili kwenye flashi au simu kabla ya kwenda. Muuzaji atashangaa kidogo, na mazungumzo yatakwenda hivi:

“Sheikh, rudisha besi katikati, halafu tuwekee hii ya kwangu.”

“Hii ya kusoma? Hapa spika haitajionesha!”

“Ndiyo ninayoisikiliza nyumbani, bwana. Ikijionesha hapa, nimemaliza.”

Rekodi ya kwanza iwe ya mtu mmoja anayesema au kusoma bila ala. Visomo vya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, vilivyorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni kipimo kizuri kwa sababu anatamka kila herufi kwa utulivu na haki yake. Sikiliza: herufi zinazofanana zinatengana? Sauti inatoka kifuani mwa mtu, au inatoka ndani ya pipa? Je, sini inachoma sikio kama filimbi? Kiwingu ni dalili ya besi iliyozidi, na mchomo ni dalili ya twita duni.

Ya pili iwe taarabu ya kikundi kamili, kama Culture Musical Club au Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Fidla, ganuni, udi, akodioni, dumbaki na dubasi zikipigwa pamoja huifichua spika haraka. Ifuate ganuni peke yake kwa dakika moja. Ukiweza kuzisikia nyuzi zake hata waimbaji wa kiitikio wanapoingia, spika hiyo inatenganisha sauti. Kila kitu kikigeuka uji mmoja, irudishe rafuni. Dubasi nayo isikike kama uzi uliovutwa kwa kidole, siyo mlango unaogongwa.

Kisha irudie rekodi ileile ya kwanza, lakini shusha sauti hadi ya kunong’ona. Nyumbani utasikiliza hivyo mara nyingi kuliko kwa sauti ya juu. Spika njema hubaki na maneno hata ikishushwa.

Malizia kwa ukimya. Simamisha rekodi, pandisha sauti ya spika hadi robo tatu, sogeza sikio. Mvumo mdogo wa hewa ni wa kawaida. Mngurumo unaosikika ukiwa umbali wa mita moja utakukera kila usiku.

Kumbuka pia kwamba spika haizai kisichorekodiwa. Sahani za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa kampuni iliyotoa chapa ya His Master’s Voice, hazina besi nzito wala makali ya juu, na hakuna spika itakayoziongezea. Ndivyo ilivyo pia kwa darsa iliyopokezanwa WhatsApp na kuminywa njiani. Kabla ya kuilaumu spika, tafuta rekodi iliyo safi zaidi.

Hedifoni: hesabu mistari ya pini

Kwa pesa ileile hedifoni hukupa sauti safi kuliko spika, kwa sababu koni yake ndogo inafanya kazi karibu kabisa na sikio na chumba hakiingilii. Mtu mwenye pesa kidogo na aanze hapa.

Chagua kati ya zilizofungwa na zilizo wazi mgongoni. Zilizo wazi zina sauti inayopumua, lakini zinaruhusu kila kitu kupita. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, hutasikia neno, na mwenzako chumbani atasikia darsa yako yote. Kwa nyumba zetu nyingi, zilizofungwa ndizo zinazofaa.

Kuhusu umbo, zinazofunika sikio zima huchosha kidogo kuliko zinazokaa juu ya sikio na kulibana. Kwa anayevaa mtandio au hijabu, kitambaa kati ya mto na sikio huvujisha besi na kufifisha herufi za juu. Mwenye hali hiyo atapata sauti bora kwa eafoni za kuingia sikioni chini ya mtandio, zenye waya mrefu wa kutosha. Eafoni za namna hiyo huja na vipira vya ukubwa tofauti, jaribu vyote, kwani kipira kisichoziba vizuri ndicho chanzo cha lalamiko la “hizi hazina besi.”

Tazama namba ya ukinzani, inayoandikwa kwa omu na alama ya Ω. Kwa kompyuta na simu, omu 16 hadi 40 hivi zinatosha. Hedifoni za studio za omu 250 au 300 ni nzuri, lakini zikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato nyingi hutoa sauti ya chini, mpaka uzitafutie amplifaya.

Sasa itazame pini yenyewe kwa karibu. Ina mistari myeusi inayoizunguka. Mistari miwili maana yake ni sauti ya kushoto na kulia tu. Mistari mitatu maana yake kuna na maikrofoni. Kompyuta mpakato nyingi za sasa zina tundu moja linalopokea pini ya mistari mitatu, na hapo maikrofoni itafanya kazi. Kompyuta ya mezani aghalabu ina matundu mawili, la kijani kwa kusikiliza na la waridi kwa maikrofoni. Ukichomeka pini ya mistari mitatu kwenye la kijani, utasikia lakini hutasikika. Dawa yake ni kiunganishi chenye tundu moja na pini mbili, au hedifoni ya USB. Kuna pia kadi ndogo ya sauti ya USB, ya ukubwa wa kidole, inayofaa sana pale tundu la kompyuta linapokuwa limelegea au lina mngurumo.

Na Bluetooth? Ni raha kwa kusikiliza tu. Ina mambo mawili ya kuyajua. Sauti yake huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye video programu nyingi hurekebisha, lakini kwenye michezo na kupiga kinanda utaona. La pili huwashangaza wengi: ukiwasha maikrofoni ya hedifoni hiyo kwenye kompyuta, kwa kawaida sauti ya kusikiliza hushuka ghafla na kuwa ya simu ya zamani, kwa kuwa mfumo unahamia hali ya mazungumzo. Kwa masomo ya mtandao, ama tumia hedifoni ya waya, ama iache hedifoni kwa kusikiliza na uchague maikrofoni ya kompyuta kwenye mipangilio.

Mwisho, pendelea hedifoni ambayo waya wake unachomoka na mito yake inabadilishwa. Waya hukatika karibu na pini, na fundi wa redio anaweza kukata na kulehemu pini mpya. Mkumbushe kuunguza au kukwangua rangi ya nyuzi hizo nyembamba kwanza, kwani rangi hiyo ni kihami. Bila kuitoa, risasi haitashika na sauti itakuja upande mmoja.

Umeme wetu na mngurumo

Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli. Umeme wa uhakika zaidi haukuondoa kukatika na kurudi kwa mshindo. Umeme unaporudi ndipo amplifaya nyingi zinapokufa. Ukikatika, chomoa spika, subiri utulie dakika chache ndipo uchomeke. Kifaa cha kinga chenye kuchelewesha umeme, kile ambacho watu hukiwekea friji, kinafaa pia kwa kompyuta na spika zake. Radi ikianza, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena kama kompyuta imeungwa na televisheni.

Matumizi nayo yana hesabu yake. Sabufa inayokula wati 60 ikiwaka saa tano imekula uniti 0.3 za umeme. Pea ya USB inayokula wati 2.5 kwa muda huohuo haifiki hata uniti 0.02. Kwa nyumba inayotegemea sola na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Spika zikivuma mmm muda wote, usikimbilie kuzirudisha dukani. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato uitumie kwa betri. Mvumo ukikoma, spika ni nzima na tatizo liko kwenye chaja au waya wa ardhini wa nyumba. Chomeka chaja na spika kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi inatosha. Ikikataa, tumia spika za USB au zenye betri, na umwite fundi umeme aangalie waya wa ardhini.

Chumba nacho ni sehemu ya spika

Kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu hurudisha sauti kama ilivyokuja. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio unaorukaruka baada yake, maneno ya spika yoyote yatafunikwa na mwangwi. Tandika busati kati yako na spika, shusha mapazia mazito, weka godoro au kabati la nguo lililo wazi kwenye ukuta wa nyuma yako. Mkeka wa ukindu ni mwembamba, unasaidia kidogo tu.

Panga spika ziwe mbali na kona, kwani kona huikuza besi na kuyazamisha maneno. Umbali kati ya spika mbili uwe sawa na umbali kutoka kila moja hadi kichwani kwako. Mezani, kama mita moja au pungufu. Twita zielekee masikioni. Kama spika ni fupi, ziinue kwa vipande vya mbao mbele ili zitazame juu. Zikiwa na tundu nyuma, ziachie nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Halafu cheza rekodi ya mtu mmoja anayezungumza: sauti yake inapaswa kusimama katikati ya kioo cha kompyuta. Ikiegemea upande, sogeza kabla ya kugusa mipangilio.

Boksi la sabufa likikaa juu ya meza litaitikisa meza na vikombe vyake, literemshe chini. Ukumbuke jirani pia. Maneno hukwama ukutani, lakini besi hupita. Kinachomfikia jirani saa tano za usiku ni mdundo usio na maana yoyote kwake.

Chumvi, unyevu na vumbi

Kisiwani chuma hakina raha, na pini ya spika ni chuma. Sauti ikianza kukatika ukigusa waya, pangusa pini kwa kitambaa chenye spiriti, ichomeke na kuichomoa mara kadhaa, halafu ipanguse tena. Usiache hedifoni dirishani kwenye upepo wa bahari. Ukimaliza, ifute jasho, iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mito ya ngozi bandia hubambuka kwa joto na unyevu. Ya kitambaa hudumu zaidi na inafulika.

Spika zifunike kwa khanga nyepesi zikiwa zimezimwa, na uondoe kabla ya kuwasha ili amplifaya ipumue. Sabufa iwashwe angalau mara moja kwa wiki wakati wa masika. Joto lake la ndani hufukuza unyevu.

Kiasi cha sauti

Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa usikilizaji salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10. Bila kifaa cha kupimia, fuata kipimo cha nyumbani. Mtoto akiwa na hedifoni, mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa mkono. Asipogeuka, sauti imezidi. Na masikio yakivuma baada ya kuivua, hilo ni onyo, yape mapumziko. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watoto, weka sauti ya mfumo nusu na umfundishe mtoto kurekebisha kwenye waya wa hedifoni tu.

Ukiwa na shilingi 100,000

Bei hubadilika kwa msimu na kwa meli, kwa hiyo panga kwa uwiano. Theluthi ya kwanza itenge kwa hedifoni ya waya iliyofungwa, yenye maikrofoni. Theluthi ya pili nunua pea ndogo ya USB. Iliyobaki weka kwa kinga ya umeme, kiunganishi cha pini na akiba ya mito. Nyumba nzima itakuwa imehudumiwa: mwanafunzi, mzee wa darsa na mzungumzaji wa video. Pesa ikiongezeka baadaye, badilisha pea ya USB kwa yenye amplifaya ndani. Sabufa iwe ya mwisho, baada ya hayo yote.

Jina kubwa kwenye boksi lisikutie haraka. Chapa maarufu ndizo zinazoigwa. Linganisha namba ya modeli kwenye boksi, kwenye kifaa na kwenye tovuti ya mtengenezaji. Pima uzito mkononi. Kagua kama maandishi yamepangika sawa. Bei ikiwa robo ya ile iliyo Kariakoo au Dubai, jibu unalo.

Kabla ya kulipa, omba risiti yenye namba ya modeli na siku za kurudisha zilizoandikwa, hata zikiwa tatu tu. Siku hizo zitumie vizuri: washa spika chumbani kwako, weka rekodi zako, umkaribishe mtu wa nyumbani asiyejua bei wala chapa aandike maneno anayoyasikia. Akiyakosa mengi, rudisha dukani mapema ukiwa bado na haki ya kurudisha.